Kibao cha Claremore na Neno "Mapigano"

Kila mwalimu aijua kazi ile ya kufupisha hadithi. Huwasomea watoto hadithi ya kurasa tatu, kisha huwaamuru waiandike kwa mistari mitano. Madaftari yakikusanywa, mwalimu huona jambo la kufikirisha: hadithi ilikuwa moja, bali mafupisho ni mengi, na kila moja lamfunua mwandishi wake. Huyu amemkumbuka mfalme tu. Yule amemkumbuka farasi wa mfalme. Wa tatu amemsahau mtu aliyekufa. Hakuna aliyesema uongo hata neno moja, walakini kwa kuacha tu, wamekwisha kuibadili hadithi.

Vibao vya ukumbusho visimamavyo kando ya barabara ni mafupisho ya namna hiyo hiyo, ila vimeandikwa na watu wazima, na daftari lao ni chuma au jiwe lisilofutika upesi. Kwa hiyo naona ni halali kuvipima kama tupimavyo kitabu. Leo nataka kuwaletea wasomaji habari ya mahali pamoja huko Marekani, katika jimbo la Oklahoma, paitwapo Claremore Mound, maana yake Kilima cha Claremore. Hapo kijiji cha Waosage kilishambuliwa mwaka 1817. Mahali hapo pamewekewa kibao cha ukumbusho, na waandishi wengi wamelipa tukio lenyewe jina lililokwisha kuzoeleka: Mapigano ya Claremore Mound. Shabaha yangu si herufi za kibao kimoja, bali jina hilo, na desturi ya kufupisha iliyolizaa.

Kwanza tuipate habari yenyewe. Waosage ni kabila la wenyeji wa asili wa Amerika ambao nchi yao ya kale ilienea katika sehemu ziitwazo leo Missouri, Arkansas, Kansas na Oklahoma. Walilima mahindi na maboga karibu na vijiji vyao, na kwa majira yao walitoka kwenda mbali kuwinda nyati wa Amerika katika nchi ya majani. Mwanzoni mwa karne ya 19 sehemu moja ya kabila, watu wa mkuu wao Clermont, walikuwa wakikaa karibu na mto Verdigris. Jina la Clermont katika vinywa vya Waingereza na Wamarekani liligeuka likawa Claremore.

Mwaka 1808 Waosage walitia alama zao katika mkataba wa Fort Clark, wakaiachia serikali ya Marekani sehemu kubwa sana ya nchi yao. Wakati huo huo Wacherokee, ambao nchi yao ilikuwa mashariki, katika milima ya Tennessee, Georgia na jirani zake, walikuwa wakisongwa na wazungu waliotaka mashamba. Wengine wao wakavuka mto Mississippi wakaenda kukaa karibu na mto Arkansas. Mwezi wa Julai 1817 serikali ikafanya mkataba nao: wakaacha nchi mashariki, wakapewa nchi huko Arkansas, nchi ambayo miaka tisa tu nyuma ilikuwa ya Waosage. Basi watu wawili wakajikuta katika mawindo yale yale. Wacherokee walilalamika ya kuwa Waosage huwaua watu wao na kuiba farasi zao. Waosage walilalamika ya kuwa wageni hawa humaliza wanyama wa nchi yao. Malalamiko ya pande zote mbili yalikuwa na kweli ndani yake, na kila kisasi kilizaa kisasi.

Katika mwezi wa Oktoba 1817 jeshi la Wacherokee wa Arkansas, pamoja na watu wa makabila mengine na wazungu kadha wa kadha, lilikwenda mpaka kijiji cha Clermont. Wanaume wengi wa kijiji walikuwa wametoka kwenda kuwinda nyati. Waliobaki ni wazee, wanawake na watoto, na labda wanaume wachache. Jeshi likaua, likateka, likakichoma kijiji. Vitabu havipatani juu ya hesabu ya waliouawa: vingine vyasema 38, vingine vyasema zaidi ya 80, na wengi katika hao wakiwa wanawake na watoto. Juu ya mateka vyakaribiana zaidi, navyo vyataja watu 103 au 104. Hiyo ndiyo habari ambayo kibao hupaswa kuitia katika mistari michache.

Sasa tulitazame neno. Lugha yetu yatufundisha hapa jambo ambalo Kiingereza hakituonyeshi waziwazi. Mtu mmoja aweza kupiga, lakini hawezi kupigana peke yake. Kile kiungo kidogo katikati ya neno chadai mwenzi: kupendana kwataka wawili, kusalimiana kwataka wawili, na kupigana kadhalika. Tukilifasiri jina la Claremore kwa Kiswahili na kusema "mapigano", hapo hapo neno lageuka kuwa shahidi, lauliza: Ni nani aliyepigana na jeshi lile? Kama walikuwapo wanaume wachache, bila shaka walipigana, na heshima yao wapewe. Lakini mama aliyekimbia na mtoto mgongoni hakupigana. Mzee aliyekuwa hawezi kukimbia hakupigana. Kwa hao neno la haki ni "waliuawa", na kwa kijiji kizima neno la haki ni "shambulio".

Hata mithali yetu yashindwa mahali hapa. Twasema: wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Ni mithali njema, nayo hutumika kila tuwaonapo wadogo wakiumia kwa ugomvi wa wakubwa. Lakini siku ile fahali mmoja hakuwapo. Alikuwa mbali, katika mawindo. Nyasi ziliumia si kwa bahati mbaya, chini ya miguu ya washindani, zilikanyagwa zenyewe.

Huenda msomaji akasema: Mbona wataka kugombana na neno moja? Watu husema "mapigano" kwa mazoea tu, wala hawana nia mbaya. Ningekubali, kama mazoea hayo yangekuwa ya siku zote na kwa watu wote. Lakini katika jimbo lile lile la Oklahoma pana mahali pengine, karibu na milima ya Wichita, paitwapo Cutthroat Gap. Huko mwaka 1833 Waosage waliishambulia kambi ya Wakiowa hali wapiganaji wengi wa Kiowa hawapo. Wakawaua wanawake, watoto na wazee, wakawakata vichwa, wakachukua na kitu kitakatifu cha kabila. Ni tendo la kutisha, na Wakiowa walilitia katika kumbukumbu zao za miaka, ambazo waliziandika kwa picha. Na tukio hili laitwaje vitabuni? Laitwa mauaji ya Cutthroat Gap.

Tuyaweke mambo haya mawili pamoja, kama mwalimu awekavyo hesabu mbili ubaoni. Hapa ni kijiji ambacho wanaume wake wako mawindoni, pale ni kambi ambayo wapiganaji wake hawapo. Hapa waliouawa ni wanawake, watoto na wazee, na pale kadhalika. Hapa wamechukuliwa mateka, na pale wamechukuliwa. Basi kwa nini Waosage walipouawa yawe mapigano, na Waosage walipoua yawe mauaji? Mimi sisemi ya kuwa jina la Cutthroat Gap lina kosa. Ni jina la haki. Nasema ya kuwa mizani lazima iwe moja. Muuzaji mwenye mawe mawili, moja la kununulia na moja la kuuzia, hata kama kila jiwe ni jiwe kweli, twamwita mdanganyifu.

Kasoro ya pili ya mafupisho ya namna hii ni sababu. Vibao hupenda kusema ya kwamba makabila mawili yaligombea mawindo. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Watu hawakuanguka toka mbinguni wakajikuta wakigombea mto mmoja. Wacherokee walifika Arkansas kwa kuwa walisukumwa kutoka kwao; na nchi waliyopewa ilikuwa imetwaliwa kwa Waosage. Aliyesukuma huku na kutwaa huku alikuwa mmoja, naye hakutajwa. Mtu akikodisha chumba kimoja kwa wapangaji wawili, kisha wapangaji wakapigana usiku, baraza haliwezi kusikiliza kesi ya wapangaji peke yao na kumwacha mwenye nyumba akae nyuma kama shahidi. Hii haiwaondolei hatia waliokichoma kijiji. Mkono uliotia moto ni mkono wao. Lakini hatia yaweza kuwa na vyumba viwili.

Na tuangalie mambo yaliyofuata, maana matokeo huifunua sababu. Tarehe 25 Desemba 1817 askari wa serikali wakaanza kujenga ngome ya Fort Smith kando ya mto Arkansas, ili kuzuia vita kati ya makabila haya. Mwezi wa Septemba 1818, hata mwaka haujatimia tangu kijiji kuchomwa, Waosage waliitwa katika mkataba mwingine, wakaachia sehemu nyingine ya nchi yao. Walichopata ni kwamba serikali itawalipa raia wake madai waliyokuwa nayo juu ya Waosage, madai yasiyozidi dola 4,000. Yaani waliochomewa kijiji ndio waliotoa ardhi. Mwaka 1839 mkataba mwingine uliwataka waliosalia huko waondoke kabisa. Tena katika miaka ya 1870 Waosage, baada ya kuuza nchi yao ya Kansas, walinunua nchi yao ya mwisho katika Oklahoma, na ardhi hiyo waliinunua kwa Wacherokee. Mtu asomaye "waligombea mawindo" na kuishia hapo, hawezi kuelewa njia hii ndefu ilikotoka wala ilikokwenda.

Kasoro ya tatu ni majina. Mji ulio karibu na kilima waitwa Claremore, kwa jina la mkuu wa Waosage. Wilaya ambayo mji huo ni makao yake makuu yaitwa Rogers, kwa jina la Clement Vann Rogers, mtu wa Wacherokee aliyeheshimiwa sana katika nchi ile. Basi mtu akiandika barua kwa ndugu yake huko, huandika jina la aliyeshambuliwa na jina la mtu wa kabila lililoshambulia katika mstari mmoja, wala huenda hajui. Majina ya wakuu yameshika mji na wilaya. Lakini katika wale mia na zaidi waliochukuliwa mateka, ni nani tumjuaye kwa jina?

Hapa nafika kwenye jambo ambalo gazeti la misheni haliwezi kulipita kimya, kwa maana si haki kuvipima vibao vya wengine na kuviacha vitabu vyetu. Yuko mmoja katika mateka ambaye habari zake ziliandikwa. Mwishoni mwa mwaka 1817 mhubiri mmoja, Elias Cornelius, alikuwa safarini kwa kazi ya misheni. Njiani alikutana na Wacherokee waliotoka katika vita juu ya Waosage, nao walikuwa na mtoto wa kike, umri wake kama miaka mitano, ambaye wazazi wake wamekwisha kuuawa. Wakati wa kutekwa kwake walingana na shambulio la Claremore. Cornelius akahuzunika, akatafuta njia ya kumkomboa. Bibi mmoja wa Natchez, jina lake Lydia Carter, akatoa fedha za ukombozi. Mtoto akaletwa katika misheni ya Brainerd, katika nchi ya Wacherokee wa mashariki, akalelewa nyumbani mwa mhubiri William Chamberlain na mkewe, akapewa jina la yule bibi. Baadaye Waosage walidai mateka wao warudishwe, na serikali ikaamuru hivyo. Mtoto akatolewa tena katika nyumba aliyokwisha kuizoea, akasafirishwa kuelekea magharibi, akafa mwaka 1821 kabla ya kufika kwao. Mwaka 1822 Cornelius alichapisha huko Boston kitabu kidogo, na anwani yake ni habari ya mateka mdogo wa Kiosage.

Kitabu hiki kimefanya jambo ambalo hakuna kibao kiwezacho kulifanya. Kati ya hesabu ya mia na zaidi kimemtoa mmoja, kikampa uso. Msomaji aliyesoma habari za mtoto huyu hawezi tena kusema "mapigano" kwa wepesi. Hiyo ni sifa kubwa, na aliyekiandika alitenda kwa huruma ya kweli, maana aliona, akasimama, hakupita kando.

Walakini kina upungufu, nao ni ndugu wa upungufu wa kibao. Mwandishi hakukiona kijiji kikiwa hai. Alimwona mtoto njiani, baada ya msiba. Kwa hiyo hadithi yaanza pale wageni walipomkuta, kana kwamba kabla ya hapo hakuwa mtu. Jina alilokumbukwa nalo ni jina la mwanamke aliyelipa fedha, si jina alilopewa na mama yake. Nalo dai la Waosage la kurudishiwa watoto wao, katika hadithi ya namna hii huonekana kama pigo lililoivunja furaha ya mtoto, hali kwa wenyewe lilikuwa kilio cha wazazi na ndugu. Mtu aliyepotelewa na mwana akimdai, amekosa nini? Kosa halikuwa kudai. Ubaya ulitendeka Oktoba 1817, na yaliyofuata yote, ukombozi na kurudishwa na kifo, yalikuwa majeraha ya jeraha lile.

Nasema hivi si kwa kumdharau Cornelius. Ni kwa kuwa huruma nayo yaweza kufupisha vibaya. Aandikaye kibao huacha watu wote akabakiza vita. Aandikaye kwa huruma aweza kuacha kabila zima akabakiza mtoto mmoja na wafadhili wake. Haki yataka vyote viwili: mtu na watu wake. Na tuongeze neno la pili la mizani. Katika mateka waliochukuliwa na Waosage kule Cutthroat Gap alikuwamo msichana wa Kiowa. Naye alikombolewa, na mwaka 1834 alirudishwa kwa watu wake pamoja na askari wa Henry Dodge. Yeye alifika. Kufika kwake kulifungua mazungumzo ya amani kati ya makabila. Mabinti wawili wa makabila mawili, mmoja alifika na mmoja hakufika: ningependa mtu asimamaye mbele ya kibao chochote cha nchi ile ajue habari zao zote mbili.

Huenda mtu akanijibu: Kibao ni kidogo, wataka kiwe kitabu? La, sitaki. Lakini ufupi si udhuru wa kukosa haki. Mhakiki asiyejaribu mwenyewe kazi aihakikiyo ni kama mtu akosoaye ngoma bila kusimama kucheza. Basi nimejaribu. Kama ningepewa chuma na mistari michache, ningeandika hivi:

Hapa palikuwa kijiji cha Waosage, watu wa mkuu Clermont. Mwezi wa Oktoba 1817, wanaume wengi walipokuwa mbali wakiwinda, kijiji kilishambuliwa na kuchomwa na Wacherokee wa Arkansas na wenzao. Wengi wa waliouawa walikuwa wanawake, watoto na wazee. Watu zaidi ya 100 walichukuliwa mateka. Kabla ya hapo serikali ya Marekani ilikuwa imetwaa nchi kwa Waosage na kuwapa Wacherokee, nao wakawa maadui mpakani.

Maneno haya hayakupita yale yawezayo kutiwa katika kibao cha kawaida. Yamemtaja aliyeua, yamemtaja aliyeuawa, tena yamemtaja yule aliyekuwa nyuma ya ugomvi. Hayakuwatukana Wacherokee, ambao wenyewe, katika 1838 na 1839, walikuja kufukuzwa katika nchi yao ya mashariki na kufa njiani kwa maelfu. Wala hayakuwafanya Waosage kuwa malaika, maana kibao cha Cutthroat Gap kitasema habari yao pale panapohusika. Kama mwenzangu aweza kuyafupisha zaidi bila kumpoteza mtu, na ayafupishe, nitashukuru.

Ndugu walimu, shuleni kwetu twaombwa mara nyingi kuandika habari za mahali tukaapo: asili ya kijiji, vita vya zamani, nani alimshinda nani. Wazee hutueleza kwa muda wa jioni nzima, nasi hurudi nyumbani kuyaweka katika ukurasa mmoja. Tuikumbuke Claremore tushikapo kalamu. Kabla ya kuandika "walipigana", tuulize kwanza kama wote wawili walikuwapo. Kabla ya kuandika "waligombea ardhi", tuulize ni nani aliyeigawa. Na mzee akitaja mateka, tumwombe atulie kidogo, atuambie kama yuko mmoja amkumbukaye kwa jina, jina lile alilopewa na mama yake.